Je, Wajua? Iguazu, Mto Unaoipa Bahari Kisogo

Je, wajua kuwa maporomoko ya Iguazu, mpakani mwa Argentina na Brazil, huhesabiwa kuwa kama 275? Hilo neno "kama" lina kazi yake. Idadi hupanda na kushuka kufuata maji. Mto ukipungua, miamba hujitokeza na pazia moja la maji hukatika likawa vijito vitatu. Mto ukijaa, mapazia matatu huungana. Anayekuapia idadi kamili, muulize alihesabu mwezi gani.

Ukingo mzima una karibu kilomita 2.7. Mosi-oa-Tunya, yale ambayo ramani nyingi huyaita Victoria, yana upana wa kilomita 1.7. Ila usikimbilie kuwatania Wazambia na Wazimbabwe: maji yao hushuka mita 108, tena kwa pazia pana, ilhali Iguazu hata pale parefu kuliko pengine pote ni kama mita 80 tu. Na kama mashindano ni ya urefu peke yake, Kalambo, mpakani mwa mkoa wa Rukwa na Zambia, huyaacha yote mawili nyuma, maana maji yake huruka zaidi ya mita 200 kwa mara moja. Sifa ya Iguazu ni wingi wa milango ya maji, na msitu ulioizunguka.

Je, wajua kuwa mto huu unaipa bahari kisogo? Chanzo chake kiko karibu na Curitiba, kusini mwa Brazil, nyuma tu ya milima ya Serra do Mar. Mtu akipanda vilele vya milima hiyo siku isiyo na ukungu, Atlantiki huiona kwa macho yake. Lakini badala ya kuteremka baharini, maji hugeukia magharibi na kupindapinda bara kwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi yafike kwenye maporomoko. Kilomita 23 mbele hujimwaga katika mto Paraná, na Paraná ndio unaoyarudisha kusini hadi Río de la Plata, jirani na Buenos Aires. Mzunguko mrefu kweli kwa maji yaliyozaliwa karibu na chumvi!

Je, wajua kuwa mwamba wa Iguazu una ndugu zake Afrika? Ni basalti, yaani lava iliyomwagika na kuganda, safu juu ya safu, takriban miaka milioni 130 hadi 135 iliyopita, wakati Afrika na Amerika ya Kusini zilipokuwa zinaanza kuachana. Sehemu kubwa ya lava hiyo ilibaki ng'ambo ya pili, katika bonde la Paraná. Sehemu ndogo ilibaki huku kwetu, kaskazini-magharibi mwa Namibia, katika milima ya Etendeka. Mnamibia akienda Iguazu, anakanyaga jiwe la kwao.

Safu hizo ndizo zinazoeleza kwa nini maji mengi hapa hayashuki kwa mkupuo mmoja. Huanguka, hutua kwenye ngazi ya mwamba, huanguka tena. Na basalti ikichakaa kwa karne nyingi za mvua na joto hutoa udongo mwekundu wenye chuma kingi, ndiyo maana baada ya mvua kubwa mto hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Zile picha za maji meupe pe zimechaguliwa. Wekundu huo hauna ubaya wenyewe, ila umezidi kwa sababu huko juu mtoni mashamba yamechukua nafasi ya miti iliyokuwa ikiushika udongo.

Je, wajua kuwa huko kuna baridi? Iguazu iko kusini kidogo ya Tropiki ya Kaprikoni, kwa hiyo msitu wake ni wa nusutropiki: mvua hunyesha mwaka mzima bila kiangazi cha kueleweka, Desemba hadi Februari joto hufukuta, na Juni hadi Agosti usiku mwingine kipimajoto hukaribia sifuri. Kipupwe cha huko si kile cha Dar es Salaam cha kufungia feni na kujifunika shuka. Chukua sweta.

Miti nayo ina visa. Kuna mmoja wa jamii ya minazi, mwembamba na mrefu, unaoitwa palmito. Watu huutafuta kwa ajili ya kiini laini cha kileleni, kile ambacho kwenye mnazi watu wa pwani hukiita kichilema. Palmito una shina moja tu na hauchipui tena ukikatwa. Kila mlo wa kichilema chake ni mti mmoja mzima umekufa. Ndani ya hifadhi kuukata ni kosa, na wezi wake ni miongoni mwa watu wanaowahangaisha sana askari wa msitu.

Katika misitu ya pande hizo ndiko pia unakomea mmea wa yerba mate, ambao majani yake huloweshwa kwenye kibuyu na kunywewa kwa mrija wa chuma. Kibuyu kimoja huzunguka watu wote. Ukikaribishwa, kunywa hadi kiishe ndipo ukirudishe.

Je, wajua kuwa mnyama msumbufu kuliko wote Iguazu hafiki ukubwa wa mbwa wa mtaani? Ni koati, jamaa wa rakuni: pua ndefu inayonusa kila kitu, mkia wenye pete, kucha ndefu. Hutembea kwa makundi kati ya meza za mikahawa, na akisikia mfuko wa plastiki unachakacha amefika. Hifadhi imeweka mabango yenye picha za mikono ya watu iliyoraruliwa, na bado kuna watalii wanaomnyooshea biskuti ili wapate picha. Kwangu mimi kosa si la koati. Amefundishwa.

Jagwa ni habari nyingine. Huyu ndiye paka mkubwa kuliko wote wa Amerika, na katika misitu ya pande mbili za mto walikuwa wamebaki makumi machache mwanzoni mwa karne hii. Hesabu za karibuni zinawaweka karibu na 100. Huhesabiwa kwa kamera zinazojipiga zenyewe njiani, kwa kuwa madoa ya kila jagwa ni yake peke yake.

Na teleka, jamaa wanaofanana na mbayuwayu! Hawa hujenga viota nyuma ya maporomoko yenyewe, kwenye ukuta wa mwamba ulioloa. Jioni hukusanyika angani kwa mamia, huzunguka, kisha mmoja baada ya mwingine hujirusha kasi na kupenya pazia la maji. Miguu yao haiwezi kukaa kwenye tawi kama ndege wengine. Hujishika ukutani kwa kucha, wima. Maji yanayoanguka mbele yao ndiyo mlango wao, na adui wachache mno wanaweza kubisha hodi hapo. Hifadhi ya upande wa Argentina imemfanya ndege huyu kuwa nembo yake, na ni uchaguzi mzuri kuliko kama wangemchora jagwa, mnyama ambaye wageni wengi huondoka bila hata kuona unyayo wake.

Je, wajua habari ya homa ya manjano? Mwaka 2008 na 2009 ugonjwa huo uliwaangamiza kima wapiga mayowe wengi katika mkoa wa Misiones, upande wa Argentina. Baadhi ya watu huwaogopa kima hao wakidhani ndio wanaoambukiza. Kinyume chake: anayeambukiza ni mbu, na kima hufa upesi kiasi kwamba vifo vyao ndivyo vinavyowaamsha wataalamu wa afya kabla binadamu hawajaugua. Anayeua kima anajizimia king'ora chake mwenyewe. Kwa msafiri maana yake ni moja: chomwa sindano ya chanjo angalau siku kumi kabla ya safari, na kadi ya njano iwe pamoja na pasipoti.

Wenyeji wa Kiguarani wana simulizi lao. Joka kuu, M'Boi, lililoishi mtoni, lilimtaka binti aliyeitwa Naipí. Naipí akatoroka kwa mtumbwi na mpenzi wake Tarobá. Joka kwa hasira likaupasua mto, mtumbwi ukatumbukia, binti akageuzwa mwamba unaopigwa na maji milele, kijana akageuzwa mti juu ya genge, wakitazamana. Upinde wa mvua ukitokea, ndipo wanaposhikana. Sayansi inadai jambo dogo tu ili upinde huo uonekane: jua liwe nyuma ya kisogo chako.

Je, wajua kuwa Mzungu wa kwanza kuandika habari za Iguazu hakuwa na muda nayo? Álvar Núñez Cabeza de Vaca, Mhispania aliyekuwa njiani kwenda Asunción kuwa gavana, alipita hapo katika safari ya 1541 na 1542 akiongozwa na Waguarani. Kumbukumbu za safari hiyo zinataja maporomoko kwa maneno machache: kishindo, na manyunyu yanayopanda juu kupita urefu wa mikuki miwili. Habari kubwa kwao ilikuwa mitumbwi, ambayo ilibidi itolewe majini na kubebwa nchi kavu hadi kulipita lile balaa. Leo watu huvuka bahari kwenda kuliona.

Barabara ya kwanza ya wageni ilitokana na mfuko wa mwanamke. Mwaka 1901 Victoria Aguirre, tajiri wa Buenos Aires, alitoa fedha ili njia ikatwe msituni kutoka bandarini hadi kwenye maporomoko. Mji wa Puerto Iguazú uliwahi kuitwa Puerto Aguirre kwa ajili yake.

Upande wa Brazil kisa ni kitamu zaidi. Mwaka 1916 alifika Alberto Santos-Dumont, yule Mbrazili aliyerusha ndege Paris mwaka 1906. Akaambiwa kwamba ardhi iliyo kando ya maporomoko ni mali ya mtu binafsi, raia wa Uruguay. Hakuridhika. Akapanda farasi, akakatiza msitu siku kadhaa hadi mahali penye usafiri, akafika Curitiba na kumkabili mkuu wa jimbo la Paraná: mahali kama hapa hapawezi kuwa pa mtu mmoja. Mwezi Julai mwaka huo huo serikali ya jimbo ikatoa amri ya kuitwaa ardhi ile kwa manufaa ya umma. Hifadhi ya taifa ya Argentina ilianzishwa 1934, ya Brazil 1939, na UNESCO ikaziweka zote katika orodha ya urithi wa dunia, 1984 na 1986. Sanamu ya Santos-Dumont imesimama karibu na maporomoko, amevaa kofia yake. Wapo watu wengi wenye sanamu waliofanya machache kuliko hayo.

Je, wajua kuwa maporomoko haya yaliwahi kukauka? Mwaka 1978 ukame uliyanyamazisha kwa karibu mwezi mzima, kukabaki ukuta wa mwamba mtupu. Kwa kawaida mto hupitisha kama mita za ujazo 1,500 kila sekunde. Juni 2014 ulipitisha zaidi ya 45,000, yaani mara 30. Oktoba 2023 ulifika karibu 24,000, na madaraja ya wageni yakafungwa. Mabadiliko hayo si ya mvua peke yake, kwani juu ya maporomoko mto huu una mfululizo wa mabwawa ya umeme, na kiasi cha maji unachokiona siku yoyote kinategemea pia mitambo imefunguliwa kiasi gani.

Kuna mimea inayoishi kwa kuyategemea mabadiliko hayo. Ni ya jamii ya podostemu: hung'ang'ania mwamba chini ya maji yanayokimbia, mtu akidhani ni ukoka au mwani, kisha mto ukishuka hupata nafasi yake, huchanua, huzaa mbegu na kungoja maji yarudi. Mto ukifungwa bwawa na kupoteza kupanda na kushuka kwake, mimea ya namna hii ndiyo hutangulia kufa.

Sasa hili, ambalo ndugu zetu wengi hawalijui. Je, wajua kuwa Iguazu ilikuwa na jirani mkubwa kuliko yeye? Kaskazini mwake, kwenye mto Paraná, mpakani mwa Brazil na Paraguay, palikuwa na maporomoko ya Guaíra, ambayo Wabrazili waliyaita Sete Quedas, Maporomoko Saba. Kwa wingi wa maji yalikuwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Yalikuwa na hifadhi yake ya taifa tangu 1961. Kisha Brazil na Paraguay zikakubaliana kujenga bwawa la Itaipu, na hifadhi ikafutwa. Habari ilipoenea kwamba maporomoko yanakwenda kuzama, watu wakamiminika kuyaaga. Januari 1982 daraja la waenda kwa miguu lilikatika chini ya uzito wa wageni, na watu zaidi ya 30 wakafa. Oktoba mwaka huo milango ya bwawa ilifungwa, na kwa muda wa wiki mbili tu ziwa likajaa. Mshairi Carlos Drummond de Andrade aliyaandikia shairi la kuyaaga. Leo ukipita pale unaona maji tulivu.

Sitaki kumlaumu mtu kirahisi. Itaipu ina mitambo 20 yenye uwezo wa megawati 14,000, zaidi ya mara sita ya bwawa letu la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, na Paraguay karibu yote huwaka kwa umeme wa aina hiyo. Mtu anayesoma chini ya taa asijifanye mtakatifu. Lakini mifano hii miwili iko katika eneo moja la dunia, ndani ya karne moja: hapa mtu alipanda farasi kuzuia maporomoko yasiwe ya mmoja, pale serikali mbili zikaamua yasiwe ya yeyote. Iguazu ipo kwa sababu iliamuliwa iwepo, na uamuzi huo hurudiwa kila kizazi. Mwaka 1999 UNESCO iliiweka hifadhi ya Brazil katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu wakazi walikuwa wameifungua tena kwa nguvu barabara ya kilomita 17 inayokata msitu katikati. Ilifungwa 2001, ndipo hifadhi ikatolewa katika orodha hiyo. Wanasiasa wanaotaka ifunguliwe hawajakoma.

Ukitaka kujua msitu huo una thamani gani, tazama picha za setilaiti. Mpaka wa hifadhi unaonekana kama umekatwa kwa wembe: huku kijani kizito, kule mashamba ya soya hadi mwisho wa macho.

Haraka haraka sasa. Filamu ya The Mission ya 1986, aliyocheza Robert De Niro, ilipigwa hapa, na ikatwaa tuzo kuu ya Cannes. Happy Together ya Wong Kar-wai, 1997, inawahusu wapenzi wawili kutoka Hong Kong wanaotaka kufika Iguazu. Daraja la Tancredo Neves linalounganisha Argentina na Brazil hapo mtoni ni la 1985. Mahali Iguazu inapoingia Paraná panakutana nchi tatu, na kila moja imejenga mnara wake wa rangi za bendera. Kutoka mnara mmoja unaiona mingine miwili.

Je, wajua ni upande upi bora? Karibu asilimia 80 ya maporomoko yako Argentina, kwa hiyo Wabrazili ndio wenye mandhari: kutoka kwao unaona ukuta mzima mbele yako. Argentina unaingia ndani yake. Unapanda garimoshi dogo msituni, unashuka, unatembea kama kilomita moja juu ya madaraja ya chuma yaliyopita juu ya mto mpana uliotulia, usioonyesha dalili yoyote, hadi ghafla chini ya miguu yako maji yote yanatumbukia. Hapo ndipo Garganta del Diablo, Koo la Ibilisi. Njiani bado yanaonekana mabaki ya daraja la zamani lililobebwa na mafuriko. Kama una siku moja, nenda Argentina. Kama unazo mbili, anza Argentina, malizia Brazil.

Katika siku tano za kila mwezi, mwezi ukiwa mpevu, hifadhi ya Argentina hupeleka wageni wachache Kooni usiku. Mbalamwezi nayo hutoa upinde wa mvua, ila macho yetu gizani hayaoni rangi vizuri, hivyo wengi huuona mweupe.

Kutoka Afrika Mashariki njia ya wazi ni kupitia Addis Ababa: Ethiopian Airlines huruka hadi São Paulo, na kutoka hapo kuna ndege za ndani hadi Foz do Iguaçu. Beba koti la mvua na mfuko wa kuzuia simu isiloe, vaa viatu visivyoteleza, na usishike chakula mkononi.

Na sarafu zako zibaki mfukoni. Wageni hutupa fedha mtoni kwa ajili ya bahati, na maji yakipungua wafanyakazi wa upande wa Brazil huingia kuziokota; wameshatoa zaidi ya kilo 100 kwa zoezi moja. Chuma kile huoza na kutia sumu, na wanyama huzimeza sarafu hizo. Ndani ya hifadhi utawakuta Waguarani wa Mbya wakiuza vikapu na vinyago vya mbao vya jagwa, tukani na koati. Nunua kimoja, ulipe bei waliyoitaja.